Baba, Chumba cha Mama Tumekisogeza

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia marahaba, lakini kuanza kuongea na wewe bila shikamoo siwezi. Ungeniuliza huko shuleni kwa masista nilikwenda kujifunza nini. Nimekaa kibarazani kwako hapa Kibosho, kwenye ile meza uliyokuwa kila siku unasema utaukata mguu wake mmoja isiyumbe. Hukuukata. Bado inayumba, na mwandiko wangu ukikupa shida ujue lawama si zangu.

Nina habari. Chumba cha Mama kimekwisha. Kina ukuta wa mawe, kina bati, kina dirisha la mbao linalofunguka bila kulalamika. Ila si kile ulichokichora. Tumekisogeza, tumekipunguza, paa tumeligeuza, dirisha tumelitoa huku tukalipeleka kule, na karibu kila tulipobadilisha kitu niligeuka kutaka kukuuliza wewe, kisha nikakumbuka. Hicho ndicho kinachonitesa. Kulia nimelia, watu wameniona. Lakini huku kugeuka ghafla kutaka kukuuliza jambo, hilo sijalizoea, wala sidhani kama nitalizoea.

Maana mabadiliko yalikuwa kazi yako. Wewe hukutaka karatasi. Jioni ukishakunywa mbege yako ulikuwa unasogeza majivu ya mekoni kwa kiganja, unayalaza vizuri, halafu unachora chumba kwa kijiti. Hapa mlango, hapa dirisha la kuangalia Kibo, hapa kitanda. Asubuhi Mama anazoa majivu anayapeleka migombani, na chumba chako kinakwenda nayo. Jioni unachora kingine, mlango umehamia upande mwingine. Mama alikuuliza kama unamjengea chumba kimoja au kijiji kizima. Ukamwambia angoje kwanza, ukafuta, ukaanza upya. Nami nikija likizo nilikuwa nakereka, nawaza mzee huyu atajenga lini. Leo ningekaa hapo mekoni mpaka macho yavimbe kwa moshi, nikusikilize ukiuhamisha mlango huo usiku na mchana.

Moshi wenyewe ndio uliokusukuma, nakumbuka. Sisi tulipopata nyumba ya bati Mama alibaki kulala kwenye msonge, pamoja na ng'ombe wake na moto wake, kama mama yake alivyolala na bibi yake. Wewe huku, yeye kule. Alipoanza kukohoa ulisema ni vumbi. Mwaka jana kikohozi kilipogoma kuondoka ndipo uliposema atahamia nyumba ya bati, na kwa kuwa hataki kulala sebuleni utaongeza chumba chenye hewa, chumba cha nyinyi wawili. Ulimwambia mbele yangu kwamba masika hii hatalala tena kwenye moshi. Mama alijifanya hakusikia. Lakini jioni ile alikupikia mtori wenye nyama nyingi kuliko ndizi, na wewe ukanikonyeza.

Sasa nikusimulie jambo ambalo ungekuwepo ungelicheka kuliko sote, kama si kwamba linakuhusu wewe.

Ulipofikia uamuzi, ukaenda kupima. Vigingi vya mti vilikuwa vimekushinda; ukivipiga leo, kesho mtu kaviokota kuni au mbuzi kaviangusha. Basi ukakata masale, ile mimea yetu ya majani marefu, ukayapanda manne, moja kila kona ya chumba, ukamwambia Mama hakuna Mchagga atakayethubutu kung'oa isale. Kweli kabisa. Mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, tunaiweka kwa isale, radhi tunaombana kwa isale. Mama akakuletea maji ukamwagilia, mkacheka. Hakuna mwingine aliyejua. Aloisi, kitinda mimba wako, alikuwa Arusha kwenye kibarua cha malori, na mimi nilikuwa mjini na darasa langu.

Na wiki ileile kifua kikakubana ukiwa kwenye kahawa, ukatuacha.

Baba Mdogo Melkiori, mdogo wako, ndiye aliyeshika msiba wote, na alifanya vizuri, Mungu ampe. Asubuhi alizunguka kihambani kutafuta mahali pa kukulaza. Ubavuni mwa nyumba akakuta masale manne mabichi, udongo wake bado una maji, yamekaa mraba safi. Akavua kofia. Akawaambia wanaume, "Kaka amejipimia mwenyewe." Wakachimba katikati. Nani angemlaumu? Kwetu kaburi nalo huwekewa isale. Nilipofika kutoka mjini shimo lilikuwa tayari, na watu wananiambia kwa sauti ya chini jinsi ulivyoijua siku yako. Niliamini. Tena katikati ya machozi nilijivuna kidogo kwamba baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mama alikuwa ndani amezungukwa na wanawake. Walipomtoa nje kukuaga ndipo alipoona walipochimba, na hakusema neno.

Alisema matanga yalipokwisha. Aloisi alikuwa anauliza vile vipimo vya Baba viko wapi, aende kumwita fundi. Mama akanyoosha kidole kwenye kaburi lako. "Baba yenu mmemzika chumbani," akasema.

Aloisi alicheka kisha akalia. Mimi nilianza na kulia. Mama alitutazama tu, kisha akaingia kwenye msonge kukamua ng'ombe, na kikohozi chake tukakisikia kutoka hapo tulipokuwa.

Basi hapo, Baba, ukaanza ubishi ambao ungekufaa sana. Baba Mdogo alipoambiwa alikataa katakata kwamba amekosea. Alisema marehemu hapimi chumba, marehemu anapima kaburi, na kwamba upande ule wote sasa ni wako, hakuna jiwe litakalowekwa hapo. Tukijenga atalipeleka shauri barazani kwa Mangi. Nadhani aibu ndiyo iliyokuwa inaongea. Aloisi kwa upande wake akasema basi tujenge upande wa chini, na tukishafika huko tuongeze na kibaraza kikubwa, na pengine chumba cha wageni, kwa sababu naye ataoa. Nikamwambia Mama anahitaji mahali pa kuhemea, hahitaji hoteli. Hatukusemeshana mpaka Jumapili. Na huku miezi inakwenda, kahawa imeshavunwa, masika inakaribia, na Mama yuko kwenye moshi.

Fundi akapanda kutoka Njoro. Unamjua vizuri Fundi Shabani, wewe ndiye uliyekubaliana naye na mbao ulikwisha kumkatisha kwa kipimo chako. Alifika anasukuma baiskeli, amezungusha kamba kiunoni, anatweta na kutukana milima yetu kama kawaida yake. Akaenda kwanza kaburini, akainua mikono akakuombea kwa dini yake. Halafu akakaa, akatusikiliza wote watatu tukiongea kwa pamoja, akanywa maji, akasema yeye habadilishi kitu kwa mdomo. Anayetaka mabadiliko ainuke ashike kamba, asimame nayo mahali anapotaka ukuta, na wenzake wote waone. Kamba ikishafungwa inalala hapo kutwa nzima. Kama kesho haijaguswa na hakuna aliyenuna, ndipo anachimba msingi. Alisema nyumba za watu anazozijua zilizopinda, hazikupindwa na fundi, zimepindwa na maneno ya mezani. Nilitamani ungemsikia. Mngebishana mpaka jua lizame.

Aloisi akashika wa kwanza, upande wa chini. Fundi akachoma nondo ardhini, ikatoka imelowa, maana pale mfereji wa mfongo unapita karibu na maji yake yananywewa na udongo chini kwa chini. Kumtoa mtu mwenye kifua kwenye moshi umpeleke kwenye unyevu, Aloisi mwenyewe aliona, akaiachia kamba bila kuambiwa. Na mbao zako zilikuwa za chumba kimoja tu, kwa hiyo ndoto ya hoteli ikaisha hapohapo.

Nikashika mimi. Mimi nilikuwa nimeamua tuzibe kibaraza hiki, kiwe chumba. Ni kikavu, kina ukuta upande mmoja tayari, mawe kidogo tu. Nilikuwa na hoja zote. Nikavuta kamba mpaka mwisho, nikasimama, na nikajikuta nimesimama pale ulipokuwa unakaa asubuhi unafunga viatu vyako vya misa. Pale uliponipimia sanduku langu la shule kwa mpini wa jembe, ukasema linatosha nguo na mkungu mmoja wa ndizi. Mkono ukakataa, Baba. Nilisimama kama mjinga, fundi ananiuliza kama afunge hapo. Nikaiachia. Hakuna aliyenicheka, hata Aloisi.

Mama alikuwa anatoka migombani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliutua. Hakumuuliza mtu. Akamnyang'anya fundi kamba, akaenda ubavuni mwa nyumba, upande wako uleule, ila akasogea nyuma, nyuma kabisa, mpaka chumba kikawa kinashika kona ya nyumba tu na nusu yake imeingia kwenye migomba. Ukuta wake wa mbele ukawa unakwenda sambamba na wewe. Baba Mdogo alikuwa amesimama amekunja mikono, tayari kwa baraza la Mangi. Mama akamtazama, akamwambia, "Shemeji, shika huku."

Akashika. Sijui angefanya nini kingine. Alishika ncha ile ya kamba kama mtoto aliyekabidhiwa yai, akasimama karibu na kaburi la kaka yake, na nikaona ubishi wote unamtoka. Mama akatazama, akarudi, akaivuta kamba tena kwa ndani, chumba kikazidi kuwa chembamba. Fundi akamwambia Mama kwamba hapo kitanda na sanduku vitagombana. Mama akasema aache njia kati ya ukuta na kaburi, na iwe pana. Ikafungwa. Kesho yake ilikuwa palepale, na hakuna aliyenuna.

Migomba miwili ikaondoka, ile mishare yako ya nyuma. Nisamehe. Machipukizi yake nimeyahamishia karibu na banda na yameshika.

Nilidhani hapo yamekwisha. Kumbe kusogeza ukuta ni kusogeza kila kitu. Dirisha lako la kuangalia Kibo Mama alilikataa. Alisema Kibo ameiona tangu azaliwe na haijawahi kumjulia hali. Alitaka dirisha ukuta wa mbele, wa kukutazama wewe, na liwe chini, mtu akilala aone nje bila kuinua kichwa. Fundi akasema dirisha la chini hivyo litaingiza mvua. Akashauri basi paa literemkie mbele, bati litokeze, lifunike dirisha. Sote tukaona ni sawa, hata mimi. Boriti zilikwisha kupanda juu ndipo Baba Mdogo, ambaye siku hizo alikuwa anakuja kila asubuhi akijidai anapita tu, alipoinua macho akauliza maji ya bati lote hilo yataanguka wapi.

Yangekuangukia wewe. Masika nzima, Baba, maji ya paa yanakuchimba.

Fundi akashika nyundo yake. Kisha akapanda, akaanza kung'oa misumari. Paa likageuzwa, likawa juu mbele na chini nyuma, maji yaende migombani. Mbao ulizokatisha zikawa hazifiki, nyingine akaziunga kwa vipande. Na dirisha lililokosa kivuli akalitengenezea kipaa chake kidogo cha bati, kinachomwaga maji pembeni. Kinachekesha kukitazama. Watu wa kanisani wanapita wanauliza ile kofia ni ya nini. Namwachia Baba Mdogo awajibu, maana sasa ukimsikia utadhani chumba kizima alikichora yeye, na wewe ulijipimia kaburi ili yeye apate kazi. Hatumbishii.

Sakafu imepigwa saruji. Mlango umewekwa ndani, wa kutokea sebuleni, na nakuapia haukuhamishwa hata mara moja. Niliusimamia mwenyewe. Ulipokwisha nikatamani mtu auhamishe.

Mama alihama mawingu yalipoanza kukaa mlimani. Alibeba mwenyewe kigoda chake, ngozi yake ya kulalia na rozari, akakataa kusaidiwa. Siku za kwanza alilalamika kwamba chumba hakina harufu ya kitu, kwamba ng'ombe watamdhani amekufa. Mvua ya kwanza ilipiga asubuhi, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mwalimu wangu mkuu Mzungu nije nishuhudie. Nilitoka nje na gunia kichwani. Maji ya bati yalikwenda nyuma, yakaingia migombani. Kaburi lako lililowana kwa mvua ya Mungu tu. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilikuwa nimefurahi, Baba, na nilikuwa sina wa kumwambia, kwa sababu uliyetakiwa kuambiwa ulikuwa hapo chini ya miguu yangu.

Na Mama anapumua. Kikohozi hakijaondoka chote, lakini kimepungua, analala. Asubuhi anafungua dirisha kabla hajasema na mtu yeyote, na huwa simsogelei mpaka amalize. Sijui anakueleza nini. Huenda ni habari za ng'ombe.

Nimebaki na jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Jana niliona ile njia pana kati ya ukuta na wewe imekaa bure. Nikaviringisha pipa, nilitege pale lipokee maji ya kile kipaa cha dirisha, Mama asiende mfongoni. Alinitazama kupitia dirishani, amelala ubavu. Akaniambia nitoe. Nikamwambia Mama kwamba njia hii ni pana mno, hata gari la ng'ombe linapita.

"Si njia," akasema. "Hapo ni pangu. Nilipima siku ile."

Nilisimama nimeshika pipa. Nilikasirika, sikufichi. Tumesumbuka wote, tumegeuza paa, tumegombana na ndugu, ili apate mahali pa kuishi, kumbe yeye siku ile, mbele yetu sote, na mzigo wake wa majani chini, alikuwa anajitengea mahali pa kulala karibu na wewe. Ndiyo maana chumba ni chembamba. Alipunguza chumba chake ili apate nafasi hiyo. Nikataka kumwambia kitu kikali. Nikamtazama, ameshaketi, anachambua maharage kwenye ungo kitandani, uso umetulia, hana haraka yoyote. Akasema chumba ni kizuri sana, anakipenda, na kwamba chumvi imekwisha, nipitie dukani. Nikaliviringisha pipa nikalirudisha nyuma ya nyumba, nikaenda kununua chumvi, nikalia njiani mpaka dukani.

Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikawa kitu kingine. Nilikuwa nakukumbuka kwa namna yangu, wewe wa majivu na mbege na kukonyeza, nikadhani mimi ndiye ninayekukosa kuliko wote kwa kuwa ninalia zaidi. Yeye halii. Yeye alishika kamba.

Nimeshamweleza Aloisi. Aoe, aongeze vyumba, ajenge hoteli yake upande wowote mwingine, lakini pale hapana. Ameelewa, na ameniambia nisiwe na wasiwasi. Kesho narudi mjini, darasa linaningoja, nami nitapanda kila Jumamosi kumtazama.

Basi kwaheri, Baba. Pumzika, mvua haikufikii kwa ubaya. Nakuahidi kwamba nafasi ile itaachwa, haitawekwa jiwe wala mche wala pipa, mpaka mwenyewe aihitaji. Na nakuahidi jingine, ambalo utaniwia radhi kwa kuwa najua unamtaka hapo. Nitamletea maziwa na dawa, nitamfungia dirisha upepo ukiwa mkali, nitafanya kila niwezalo nafasi hiyo ikae tupu miaka mingi sana. Wewe endelea kumngojea. Bado namhitaji huku.

Mwanao,
Gaudensia